Miguu Mitano Juu ya Shaba

Aisii mpya, kile kidude cheusi cha kukuza sauti ya redio, ilikuja na miguu ya ajabu: mitano, bapa, mmoja mbele mmoja nyuma, kama meno ya mzee. Ile iliyoungua ilikuwa na miguu ya mstari mmoja. Fundi Melkior ikambidi achore bodi upya kwa rangi ya kucha juu ya shaba, na bodi tupu alikuwa nayo moja tu.

Simu ya upepo ya misheni ya Mpanda ilikuwa kiziwi tangu jana. Zahanati ya Kibaoni haina njia nyingine ya kuita gari, na huko ndiko aliko Prisila, mwanawe wa pekee, mimba imetimia. Melkior aliogopa, na fundi mwenye woga ni hasara tupu.

Alikandamiza miguu ya aisii kwenye sabuni mbichi, kama kawaida yake, akanakili alama zile kwenye shaba, akaitia bodi kwenye tindikali ile shaba isiyo na rangi, akatoboa. Alipotaka kuipachika, akaona mguu wa umeme umeangukia penye njia ya ardhi, umeme unakorudi. Alama ya sabuni hutazamwa kutoka juu, shaba iko chini, lazima ugeuze. Jambo hilo huwafundisha wengine kila siku, na leo hakugeuza.

“Vipi, Baba Prisila?” aliuliza Sista Generosa, mkunga wa misheni.

“Nimechora kinyume, Sista. Naweza kuipachika upande wa shaba, ila huko haitagusa bati la kuipoza. Itaungua upesi.”

“Pachika.”

Alilehemu, akawasha. Sauti ya nesi wa Kibaoni ikatoka, imekauka.

“Mpanda, Mpanda. Tunaita tangu alfajiri. Prisila kajifungua, mtoto mzima. Mama anatoka damu, haikatiki.”

Sista alimpungia mkono dereva Masele, aliyekuwa akisikiliza pale dirishani, na gari likaondoka. Lakini Kibaoni ni mbali, na damu haingoji gari.

“Nesi, nisikilize,” Sista alisema. “Weka mkono juu ya tumbo, usugue kwa nguvu mpaka kizazi kikaze. Niambie unasikia nini.”

Aisii ilianza kunuka. Melkior alishika kijiko cha alumini, akakikandamiza mgongoni mwa aisii kwa vidole viwili ili kinyonye joto. Kijiko kikapata moto, kisha vidole. Machozi yalimtoka.

“Tumbo bado laini, Sista,” nesi alisema. “Niendelee?”

“Endelea. Usiondoe mkono.”

Melkior naye hakuondoa wake.