Sukari ya Bwambale

Mzee Bwambale Danieri hakupenda kusomewa kitu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni kule mgodini Kilembe, mikono ikiwa bado na vumbi la shaba. Tangu hapo barua, risiti, hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji aliyasoma mwenyewe, kwa sauti, awepo wa kumsikiliza au asiwepo.

Ndiyo maana siku ile, kwenye kliniki moja ndogo ya Bwera, muuguzi Alisi alipotokea mlangoni na karatasi ya vipimo akaita, "Bwambale!", mzee aliinuka wa kwanza. Nyuma yake waliinuka wengine wawili, kwa kuwa kwetu mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, na nyumba zenye wavulana wawili ni nyingi. Lakini mzee alikuwa ameshaishika karatasi.

"Ngoja nikueleze, mzee," Alisi akasema.

"Unieleze nini, mwanangu? Mimi nimesoma."

Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda zake.

Nyumbani alivaa miwani, akaisoma barazani mara tatu. Sukari kwenye damu ilikuwa imezidi, tena imezidi sana. Akamwita mke wake, Kabugho, akamtangazia kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Mama Gorret, niko na ugonjwa wa sukari."

"Ugonjwa wa matajiri? Umeupata wapi, Baba Gorret, na sukari yenyewe tunanunua robo kilo?"

Siku hiyohiyo mzee akaanza maisha mapya. Chai akainywa kavu, bila sukari. Ndizi mbivu akaziaga. Ugali wa muhogo, ambao zamani aliula hadi sahani ionekane chini, sasa aliula matonge matatu, naye aliyahesabu. Kila asubuhi alivaa gamubuti akatembea hadi Mpondwe mpakani na kurudi, na kila aliyemsalimia njiani alipewa somo juu ya kongosho, kiungo ambacho pale Bwera hakuna mtu aliyekuwa amekiulizia. Kuhusu vidonge alisema atavifuata mwisho wa mwezi, akishaona kutembea na kula kabichi vimemfikisha wapi.

"Umekonda kama mti wa bendera," Kabugho alimwambia.

Ukweli ni kwamba mzee alikuwa anafurahia. Watu walimuuliza hali. Watoto wake waliopata kazi mbali walianza kupiga simu hata siku zisizo za sikukuu.

Wiki ya tatu, Jumamosi, binti yake Gorret alikuja kutoka Kasese. Gorret alifanya kazi ofisini huko, na ndiye aliyetuma pesa za vipimo kwa simu. Akaomba kuiona karatasi. Mzee akamkabidhi kama anayekabidhi cheti.

"Baba, hapa wameandika arobaini na tisa."

"Hiyo namba ya foleni."

"Ni umri, baba. Wewe uko na sabini na moja."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Arobaini na tisa ilikuwa palepale, na mbele yake, kwa herufi ndogo, neno la umri. Kabugho alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Wiki tatu! Wiki tatu nanyimwa kupika ndizi kwa ugonjwa wa mutu mwingine!"

Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai ya tangawizi, akatia vijiko vitatu vya sukari mbele ya macho ya mzee, akakoroga kwa makusudi. "Haya. Karibu nyumbani."

Mzee alikiinua. Mvuke ulimpiga usoni, mate yakamjaa mdomoni. Kisha akakirudisha mezani.

"Kunywa basi."

"Mama Gorret, kama hii si yangu, yangu iko na nani?"

Hapo hata Kabugho aliacha kucheka. Mahali fulani kulikuwa na mwanamume wa miaka arobaini na tisa, damu yake imejaa sukari, na mkononi anayo karatasi ya mzee mzima wa afya. Wiki tatu anakula na kunywa, moyo wake umetulia. Na karatasi yake aliyeinyakua alikuwa Danieri.

"Nitaenda mimi kuwaambia, baba," Gorret akasema polepole. "Wewe utaona aibu."

"Nitaiona. Lakini nitaenda."

Jumatatu kliniki ilikuwa imejaa. Mzee alikusudia kunong'ona, lakini Alisi alikuwa nyuma ya pazia akimchoma mtu sindano, ikabidi azungumze na pazia.

"Muuguzi, nilichukua karatasi ya mutu. Ulitaka kunieleza, nikakataa."

Benchi zima likageuka. "Na amesoma!" mama mmoja akasema, na watu wakacheka.

Alisi alitoka, akafungua kitabu. Bwambale mwingine aliyepimwa sukari siku ile aliandikwa jina hilo tu, wa Kyarumba. Namba yake ya simu haikupatikana, wakaipiga mara nne. Mzee hakungoja ya tano. Alikodi boda boda kwa pesa yake mwenyewe hadi Kyarumba, na barabara ilipoisha akashuka akapanda mlima kwa miguu.

Juu kidogo aliwakuta wanawake wakianika kahawa.

"Namtafuta Bwambale."

"Chagua, mzee," mmoja akajibu. "Hapa wako saba."

"Huyu anakunywa maji sana. Halafu anaenda chooni sana."

Wanawake walitazamana, wakaangua kicheko. "Huyo Blasio! Amechimba choo kipya karibu na mlango!"

Blasio, mwanamume mpana, alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na chupa kubwa ya soda. Ukutani, juu ya kichwa chake, karatasi ilikuwa imepigiliwa msumari.

"Karibu, mzee. Soma pale, uone mutu mzima wa afya."

"Pale kumeandikwa sabini na moja."

"Kilo hizo."

"Ni umri, Blasio. Ni umri wangu." Mzee akatoa karatasi ya pili, akamweleza yote.

Blasio alisikiliza, uso ukikaza. "Mimi niko na karatasi ya muhuri. Wewe umekuja na maneno."

"Hii pia iko na muhuri. Usiku unaamka mara ngapi?"

"Mara mbili, tatu."

"Saba," mkewe, Sylivia, alisema kutoka mlangoni.

"Na miguu? Inakufa ganzi?"

Blasio aliikunja miguu yake. Sylivia alikuwa amemtazama mumewe, mkono mdomoni.

"Kosa ni langu," mzee akasema. "Muuguzi alitaka kunieleza, nikamwambia nimesoma. Ningemsikiliza, leo ungekuwa na wiki tatu za dawa." Alikuwa amelisema mara ya pili siku hiyo, na safari hii bila pazia.

Blasio aliweka chupa chini. "Sasa nitakufa?"

"Utakufa ukibaki hapa na soda. Twende tushuke leo hii. Vidonge utameza, usifanye ukaidi wangu. Chai kavu ni mbaya siku nne tu. Siku ya tatu utamchukia kila mutu, mama umvumilie. Ya tano ulimi unazoea."

"Wewe umejuaje?"

"Nimeugua ugonjwa wako wiki tatu, nisijue?"

Sylivia ndiye aliyecheka kwanza. Blasio akacheka baada yake, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. Akang'oa msumari, akamkabidhi mzee karatasi. "Chukua afya yako." Akapokea ya kwake, akaitia mfukoni bila kuitazama.

Wakashuka, Sylivia nyuma na kikapu. Robo ya njia haijaisha, Blasio aliomba wasimame, akapotelea kwenye mibuni. Mzee alingoja, akapumzisha magoti, wala hakumwambia aharakishe.

"Mzee!" sauti ikaita kutoka majanini. "Na ndizi mbivu?"

"Nusu!"

Majani yakatikisika. "Nusu ya mkungu?"

"Toka huko, Blasio, twende!"