Viroba Vilivyorudi kutoka Lindi

Mimi Felomena si mtu wa kunyamaza nikionewa. Mwaka 2003, wafanyabiashara wa soko la Nachingwea walipoomba mama lishe tuondolewe kwa sababu eti tunachafua korongo lililo nyuma ya soko, nilifunika sufuria zangu, nikajifunga kanga kiunoni na kwenda kwenye mkutano wa wadau bila kualikwa. Kibanda changu kilikuwa kinasomesha watoto wanne. Nikikikosa, ningerudi kijijini Ruponda kungojea msimu wa korosho.

Bwanali, mwenyekiti wa wafanyabiashara, alisema taka zote za korongoni zinatoka majikoni kwetu.

"Mzee Bwanali, maganda ya muhogo mbuzi wanayamaliza sijageuka," nilimjibu. "Mvua ikinyesha, kinachoondoka na maji si changu!"

Watu wakacheka. Bwana afya Severini, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kwetu, akagonga meza na kumkaribisha mgeni wake. Huyo alikuwa Mwanamvua, kiongozi wa akina mama wa Lindi wanaookota kaa kwenye mikoko.

"Jamani, sikuja kugombana," alisema. "Korongo lenu linaingia mtoni, na mto unaishia kwetu. Hivi tumevitoa mikokoni baada ya masika."

Akafungua furushi. Vikamwagika viroba vya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, vimejaa tope. Kila kimoja kilikuwa na jina. Sisi wenye mikorosho huandika majina kwa rangi ya mafuta, maana siku salfa inapoletwa kijijini viroba vyote hufanana. Salfa ikiisha tunavibebea mazao, vikichakaa tunatupa. Hakuna aliyewahi kujiuliza vinaishia wapi.

Mwanamvua akachukua cha kwanza, akasoma, "Felomena, Ruponda."

Masikio yaliniwaka moto. Bwanali akanitazama, meno yote nje. Ruponda tulikuwa akina Felomena watatu, ningeweza kukaa kimya na kibanda changu kikapona. Lakini mwandiko ule ulikuwa wangu. Nikasimama.

"Hicho changu. Nilileta nacho viazi sokoni, kikachanika, nikakitupa korongoni mwenyewe."

Nikaenda mbele, nikakichukua na kukikunja. Moyoni nilijua nimejimaliza.

Mwanamvua akaendelea. "Bwanali, Nachingwea." Akachukua kingine. "Bwanali, Nachingwea." Vilikuwa sita, na Bwanali mwenye shamba la korosho mjini petu alikuwa mmoja tu. Mwishowe akainuka. Akafuata mwalimu Octavian, kisha katibu wa parokia, na wengine, mpaka ikawa foleni.

Baada ya hapo mazungumzo yakawa ya watu wazima. Wafanyabiashara watatoa mkokoteni, sisi mama lishe tutafagia, Severini atatafuta eneo la shimo, na kila kiroba kitupu kitarudishwa kilipochukuliwa. Mwanamvua atakuja kila baada ya masika kutuambia kama tumetimiza.

"Na lile ombi la kuwaondoa mama lishe?" Severini akauliza.

Bwanali alikuwa amesimama, viroba sita kwapani.

"Mama lishe wabaki," alisema. "Tena mama huyu awe msimamizi wetu wa usafi. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kukana."

Siku hiyo nilijivuna, na sioni haya kusema.