Nyumba Iliyokuja Kumchukua Golapjan

Golapjan alikuwa ukingoni mwa maji akiparua samaki wadogo, kisu kilichosimama amekikanyaga ubao wake kwa mguu, alipoiona nyumba ya mama yake ikija. Ilikuja polepole kutoka kaskazini, na bati lake lenye kutu, na mfenesi ubavuni, na kuku wawili juu ya paa. Alinawa mikono, akavuta ncha ya sari kichwani, akaenda kumwambia mama mkwe wake kwamba wageni wamefika.

Masika yalikuwa yamemeza mashamba yote ya wilaya ya Sunamganj, kila kijiji kimebaki kisiwa. Huo ndio msimu wa wake kwenda kwao kusalimia, maana maji yakiondoka hapapiti mashua. Lakini mke haendi mpaka achukuliwe. Lazima aje mwanamume wa kwao, apige hodi, ale wali, amwombe. Anayetoka mwenyewe amejipa talaka, na mtoto anabaki kwa baba. Golapjan alikuwa na binti anayenyonya. Baba yake alikuwa kaburini, na kaka yake wa pekee alikuwa akibeba zege Uarabuni. Binamu zake walikwisha kutumiwa salamu mara nyingi, ila walikuwa wakivua, na samaki hawamngoji mtu. Tangu mchunga bata mmoja alete habari kwamba mama anatema damu, Golapjan hakupata usingizi. Kila kasia lililosikika lilimtoa nje kutazama.

Nyumba ikaegesha. Korimon, mama mkwe, alilalamika kwamba mawimbi yake yatabomoa kingo. Kisha, kwa kuwa hakutaka kusemwa, akaamuru achinjwe bata, akapeleka sinia la wali mlangoni kwa mkono wake.

"Karibu, mkwe mwenzangu, kula ushibe. Ila sioni mwanamume uliyekuja naye."

"Nimekuja na nyumba nzima," mama yake Golapjan alijibu kutoka ndani, akakohoa.

"Nyumba haijawa kaka wa mtu hata siku moja, dada yangu."

Wazee wakaitwa. Mmoja alisema nyumba ilijengwa na marehemu baba yake Golapjan, basi ina uanaume kidogo. Mwingine akauliza ni nani basi atakayepiga hodi. Walimmaliza yule bata, wakakubaliana na Korimon. Tayeb, mume, alimpenda mkewe, na jioni alimwambia hivyo huku akimpepea mtoto. "Mimi sina neno," alisema. "Lakini niseme nini mbele ya mama?"

Golapjan alianza kuishi kwa kusikiliza kikohozi. Kikizidi aliogopa, kikinyamaza aliogopa zaidi, hata wali ukamuungulia. Kuzungumza kutoka uani hakukukatazwa. Mama aliuliza kama mtoto ameota meno, naye akajibu kwa sauti kwamba ameota mawili.

Maji yakaondoka. Nyumba ikakaa kwenye tope la shamba la Tayeb, karibu na jiko, na watu wakazoea kuizunguka. Golapjan angeweza kwenda na kurudi kabla chungu hakijachemka. Alipika uji, Korimon akaupeleka. Kila siku aliomba, na kila siku Korimon alimkatalia bila hasira. Desturi hakuitunga yeye, alisema. Mama yake Korimon mwenyewe alikufa masika ambayo hakuna aliyekuja kumchukua yeye, na hakumzika.

"Nililia, nikanyamaza," alisema. "Nawe utanyamaza."

Asubuhi moja Korimon alirudi na bakuli la uji likiwa limejaa. Akampokonya Golapjan mwiko na kuendelea kukoroga yeye. Golapjan alikaa chini palepale, akiutazama ule mlango.

Habari zilipofika kwao, binamu zake wanne walikuja kwa miguu wakiburuza tope, na sanda na machela ya mianzi. Mkubwa wao, Surman, alikwangua miguu kizingitini kwa Korimon, akapiga hodi. Akaandaliwa wali, akala taratibu, kwa sababu alikuwa amechoka.

"Tumekuja kumchukua binti yetu," alisema.

"Sasa mmekuja inavyotakiwa," alijibu Korimon.

Alimvisha Golapjan sari safi, akampakatisha mtoto. Surman akatangulia, Tayeb akafuata na sanduku la nguo kichwani, wakavuka ua hadi kwenye ile nyumba. Korimon alisimama mlangoni pake na kumwambia Golapjan akae huko kwao apendavyo, asiwe na haraka ya kurudi.