Hesabu ya Unga Mweusi

Miaka tisa nilichimba malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwenye mashimo ya upande wa Mokambo. Shimo moja lilibaki na vidole vyangu viwili, mimi nikabaki na mdomo wangu wote. Baadaye nikapata kazi ya kuosha vyupa katika maabara ndogo ya kupima mawe, hapa Lubumbashi. Mwaka mzima, saa ya bukari, yaani ugali wa mchana, nilinakili madaftari ya Maman Chilufya, mkuu wa maabara, na wenzangu wakasema Kabwe anakula kemia kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Siku moja msaidizi wake akahamia Kolwezi. Maman Chilufya akaniambia atanipa mtihani mmoja tu. Nikiweza, nafasi ya msaidizi ni yangu. Nikishindwa, nirudi kwenye sinki, na Jumatatu atatafuta mwenye diploma.

Akaniwekea mezani unga mweusi. Ndani mna shaba na oksijeni peke yake, akasema. Nitafute fomula: atomi ngapi za shaba kwa atomi ngapi za oksijeni.

Nikapima gramu 3,97, nikaweka kwenye kisahani, nikakisukuma ndani ya bomba la kioo. Tukapitisha hidrojeni, kisha tukawasha moto chini yake. Mwanzoni, kimya. Halafu ukingo wa ule unga ukawa mwekundu, na wekundu ukatambaa taratibu hadi katikati. Kwenye ncha ya baridi ya bomba yakatokea matone ya maji. Nikainama hadi pua ikakaribia kioo. Oksijeni ilikuwa inatoka kwenye unga mkavu, inaungana na hidrojeni na kuondoka ikiwa maji. Miaka yote ile nilibeba mawe mgongoni nikiwa na kiu, kumbe sehemu ya maji ilikuwa ndani ya gunia.

Ilipopoa nikapima tena. Shaba tupu, gramu 3,17. Kwa hiyo oksijeni iliyoondoka ni 0,80. Nikagawanya moja kwa nyingine, nikapata karibu nne. Nikaandika kwa herufi kubwa: shaba nne, oksijeni moja. Nikaweka kalamu chini kama mtu aliyeshiba.

Maman akasoma. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Papa Kabwe, uko nafikiri kama muntu wa depo."

Alinishika pabaya. Kwenye depo wanakonunua mawe, neno ni moja, teneur: katika kilo mia, kilo ngapi ni shaba. Mchimbaji analala na teneur, anaamka na teneur. Nami nilikuwa nimesoma teneur, nikaibatiza fomula.

"Ile iko uzito," akasema. "Mi nakuuliza atomi beko bangapi."

Akanipa dakika kumi, akaenda kunywa chai.

Nikatazama karatasi ya ukutani, ile yenye uzito wa atomi za kila elementi. Uzito wa shaba 63,5. Uzito wa oksijeni 16. Neno langu la kubatiza likanipeleka kwenye ubatizo wa Pasaka parokiani kwetu, mke wangu Dorine akiwa marraine, mama wa ubatizo, wa mtoto wa miaka minne. Sasa wapandishe marraine wote kwenye mizani moja, watoto wote kwenye nyingine. Tuseme kila marraine ana kilo 63,5 (Dorine akisoma hapa, ajue namsingizia kwa wema) na kila mtoto ana 16. Upande wa marraine utazidi mara nne. Je, kila mtoto ana marraine wanne? Hapana, ana mmoja. Ukitaka idadi, gawanya uzito wa wote kwa uzito wa mmoja.

3,17 kwa 63,5: 0,05. 0,80 kwa 16: 0,05.

Nikarudia mara tatu. Sawa kwa sawa. Hizo 0,05 ndizo moli za madaftarini: moli ni kama dazeni, ila badala ya kumi na mbili ni mia sita na mbili ikifuatwa na sifuri ishirini na moja. Kwenye kile kisahani, atomi za shaba zilikuwa tatu ikifuatwa na sifuri ishirini na mbili. Na kila moja ilikuwa imeshika oksijeni yake moja, hakuna aliyekosa, hakuna aliyezidi. Nikavua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani.

Maman aliporudi nikamwambia, shaba moja kwa oksijeni moja, nikamweleza na ubatizo wangu. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa unga mwingine, mwekundu.

"Na huu?"

Bomba, moto, maji tena. Shaba 6,35, oksijeni 0,80. Nikagawanya kila uzito kwa uzito wa atomi yake, nikapata 0,10 kwa 0,05, yaani mbili kwa moja. Shaba ileile, oksijeni ileile, ila wamekaa kwa idadi nyingine, na weusi wote umekwisha.

"Mutoto mumoja, marraine babili," nikasema.

"Padri atakataa."

"Atakataa, Maman. Lakini jiwe limekubali."

Akavuta daftari kubwa la vipimo, akaandika matokeo yote mawili kwa mkono wake. Penye nafasi ya jina la mpimaji, ambayo hujazwa na msaidizi wake, akaacha wazi, akaligeuza daftari upande wangu, akanipa kalamu.