Chemchemi ya Nne

Mji ule ulizaliwa na maji. Walianza kuja madobi, mabeseni kichwani, wakazikuta chemchemi nne za maji ya uvuguvugu kwenye mteremko. Wakafuata wagonjwa wa miguu, kisha nyumba za wageni, kisha benki, na mwisho manispaa yenye bendera ndefu na vyoo visivyo na maji.

Mama Povu alikuwa amefua mashuka ya nyumba zile kwa miaka ishirini na sita. Kwa mashuka hayo alimsomesha bintiye wa pekee mpaka akawa mpima ardhi wa manispaa.

Madobi walikuwa na siri moja. Chemchemi tatu kubwa zilipendeza macho, lakini kiangazi kikikaza zilikauka. Ya nne, ndogo, iliyojificha nyuma ya jiwe, haikupungua hata siku moja. Mtu wa ofisini akiuliza, wote walimwonyesha ile kubwa kuliko zote. Hawakuwahi kukaa kikao, ilijulikana tu.

Asubuhi moja binti alifika na wanaume wawili wenye tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bosi. Umekuja kufua au kunipima kiuno?"

Madobi wakaangua kicheko. Binti hakucheka.

"Niko kazini, mama. Hivi, ipi ndiyo haikauki?"

Mrefu, shoga wa Mama Povu tangu usichana, akakohoa. Mama Povu alikisikia kikohozi kile, na alikielewa.

"Kumbe mama yako ni dobi?" mmoja wa wenye tai akamuuliza binti, akitabasamu upande. "Sasa huyu atajua nini?"

Binti akainamisha shingo. Mama Povu akaiona ile shingo ikiinama, moyo ukamchemka. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Njooni," akasema. "Hii haimo kwenye vitabu vyenu."

Miezi miwili haikuisha, uzio wa mabati ukaizunguka chemchemi ya nne, na ndani yake hoteli yenye mabwawa ya kuogelea ikaanza kuota. Zile tatu waliachiwa wananchi, kwa kibao kizuri chenye maandishi ya bluu. Kiangazi kilipoingia zikabaki tope. Nyumba za wageni zikapeleka mashuka kwenye mashine za hoteli.

Hakuna aliyemtukana Mama Povu. Mrefu aliinua tu beseni lake.

"Unahamia wapi, shoga?" Mama Povu akamuuliza. "Kote hakuna maji."

"Najua. Nahama hivyo hivyo."

Jumapili binti akaja nyumbani, hata hakuketi.

"Mama, nimekuombea kazi hotelini. Ufuaji."

"Na Mrefu?"

"Nafasi ni moja."

"Ulijua, uliponiuliza?"

"Waliniambia maji ni ya mabomba ya mji, mama. Naapa."

"Na ulipojua?"

Binti akatazama viatu vyake. "Ramani ilikuwa imeshasainiwa."

Mama Povu akatoka hapo hapo, akaenda kubisha kwa Mrefu.

"Kuna kazi hotelini, shoga. Ichukue wewe. Mimi nitajua la kufanya."

Mrefu akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Ichukue mwenyewe, mama. Umeihangaikia."

Miaka yote alimwita shoga, hakuwahi kumwita mama. Kisha akaufunga mlango taratibu, kwa adabu, kama anavyofungiwa mtu aliyepotea nyumba.