Nyasi za Klabu

Bernadine Kosciak alikuwa akimsugua mumewe mgongo bafuni, Jumamosi kama kawaida, alipoona nyasi zimechomoza begani. Alidhani ni takataka za bustani, akazivuta.

"Taratibu, Berna," Leonard akasema. "Hizo zimeshika."

Kufikia Jumatatu zilikuwa zimefunika mgongo mzima hadi kiunoni, na katikati ulipita mstari wa chokaa. Bernadine akazitambua. Uwanja wa zamani wa klabu aliyoichezea Leonard ulibomolewa mwaka huo, na nyasi zake ziliuzwa vipande vipande kwa mashabiki. Mji mzima, kutoka viwandani hadi kando ya ziwa Erie, watu walizipanda nyuma ya nyumba zao, zikafa. Za Leonard zilistawi.

Alikuwa amecheza mstari wa mbele wa Wafua Chuma, timu ya mpira wa Kimarekani, misimu kumi na mmoja, na kazi ya mstari wa mbele ni kugonga watu kwa kichwa mpaka filimbi ilie. Sasa kichwa kilimuuma hadi akawa anajifungia kwenye kabati la makoti, gizani. Majina ya wajukuu yalishamtoka. Mfuko wa wachezaji wastaafu ungemtibu, ila kwanza klabu ikiri kwamba ugonjwa ulitokana na mchezo. Klabu ilijibu kwamba ni uzee. Leonard alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Wachezaji wenzake wakaanza kuja, na bia zao na soseji za duka la Wapolandi. Leonard aliketi jikoni akiwa amekumbatia mgongo wa kiti, bila shati, na kila mmoja akatafuta kwenye nyasi mahali alipoumia. Roscoe Tibbs, ambaye zamani hakuna aliyemkamata akiwa na mpira, alipapata mahali goti lake lilipovunjikia, chini kidogo ya bega la kushoto. Akapabonyeza kwa kidole gumba.

"Ndipo hapa hapa," akasema. "Na palikuwa na tope, jamani."

Kisha akanywa bia yake akaenda zake, akichechemea.

Siku moja akaja kocha wao wa enzi hizo, Hadley Rusk, mzee wa miaka themanini. Akapapasa chini ya kisogo.

"Yadi ya ishirini! Mechi na Toledo. Leonard, unakumbuka wewe? Uligongwa ukalala kama gunia, ukaamka ukaenda kupanga mbinu na wapinzani! Ikabidi wakugeuze mabega wakurudishe kwetu."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Leonard naye akacheka, amechelewa kidogo.

"Halafu ukamfanyaje, kocha?" Bernadine akauliza. Alikuwa anakunja maandazi ya Kipolandi, ya kujazwa kabichi.

"Nikamnusisha ile chumvi kali ya kuzindulia waliozimia, nikamrudisha uwanjani. Huyu alikuwa dume, mama!"

"Kwa hiyo ulijua kwamba ameumia."

"Nani hakujua? Alinitapikia viatu." Rusk akaitazama kofia yake. "Ndivyo tulivyokuwa. Ningeyasema hayo mbele ya yeyote."

Bernadine akamshika kwa neno hilo. Wiki iliyofuata alimwita tena, akamketisha mkabala na Bwana Prewitt, mwakilishi wa klabu. Prewitt alipiga magoti nyuma ya Leonard, akazichunguza nyasi, akazilinganisha na kipande alicholeta kwenye mfuko.

"Hizi ni zetu, mama, hakuna ubishi. Zimemwingia kupitia michubuko, kila alipoangushwa pale kwetu. Tutakuandikia hata leo."

"Basi andika na kichwa. Kilikuwa pale pale, siku zile zile. Mwulize kocha."

"Kichwa ni suala jingine. Kichwa alikuja nacho."

Bernadine akamgeukia Rusk. Katika uwanja mpya wa klabu kulikuwa na ukumbi uliokwisha kupewa jina lake.

"Kumbukumbu zangu siku hizi, mama..." mzee akasema, akaomba koti lake.

Bernadine alitaka kukasirika, akaona hana nguvu za kuanza upya. Akamfunga Rusk vifungo vya koti, kwa sababu mzee alikuwa akivipachika kwenye matundu yasiyo yake.

Klabu ilidai mali yake. Kwa kuwa nyasi hazingeng'oka bila Leonard, ikaomba aje nazo. Kila mwisho wa juma akawa anaketi katika makumbusho ya uwanja mpya, kati ya vikombe na picha za makocha, mgongo kwa wageni. Kibao kilisema hizi ni nyasi halisi za uwanja wa zamani, usiguse. Jina la Leonard halikuwamo. Bernadine alipewa kiti pembeni.

Jumapili moja ukumbi ukiwa umejaa, maumivu yalimpanda ghafla. Leonard akaguna, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanguka sakafuni. Mlinzi akaja mbio, akawasogeza watu, akapiga magoti, akazikagua nyasi kutoka bega hadi bega.

"Hazijadhurika, mama," akasema.

Bernadine akamshukuru, akafungua kichupa cha dawa.