Kiti cha Mama Mkwe na Kitufe cha Kesho

Haya nimesimuliwa na fundi viti mwenyewe, mwaka huu huu mvua zilipokatika, alipokuja nyumbani kwangu kubadilisha sponji la kochi. Alikuwa anasimulia na misumari mdomoni. Maneno mengine ilibidi nimwombe ayarudie, na mengine sikumwomba kwa sababu nilikuwa nacheka.

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Fundi Kesho. Mkono wake ni mzuri, hilo hata wasiompenda hawakatai. Kiti kilichopita kwake ukikikalia hutaki kunyanyuka. Shida ni kukipata. Ukienda kuulizia kazi yako anakupokea vizuri, anakufutia benchi vumbi ukae, anakuuliza habari za nyumbani mpaka za kuku, halafu anakuambia kwa upole kabisa, "Kesho, bosi wangu. Kesho bila wasiwasi." Na wala si mwongo. Anapoisema hiyo kesho, anaiamini mwenyewe.

Mkewe ni nesi, mtu ambaye dawa ya saa mbili anaitoa saa mbili. Alimvumilia mumewe miaka na miaka, mpaka siku kiti cha mama kilipoletwa karakana.

Mama huyo ni mama mzazi wa nesi. Alifiwa na mumewe, akabaki peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vingi na sauti moja. Nesi akambembeleza aje kukaa nao. Mama akazunguka, akatoa sababu hii na ile, mwishowe akakubali kwa sharti: kiti chake kitangulie, kitengenezwe, naye atafuata. Kilikuwa kiti cha mbao nzito, mikono mipana, kitambaa kimechakaa mpaka nyuzi zinahesabika, na ukikikalia kinalia kama mlango wa stoo. Fundi akampigia simu mama mkwe wake siku ile ile. "Kimefika salama, mama. Kesho nakianza."

Ikapita mvua moja, likapita jua lake. Ndipo nesi alipoingia sebuleni akanyoosha mkono.

"Lete simu yako."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya. Ndiyo maana naitaka."

Akamwekea programu ya kupanga kazi, ile ile anayotumia yeye. Akamwelekeza: hapa unaandika kazi, hapa unaichagulia siku. Asubuhi ukifungua ukurasa wa Leo unakutana na za leo tu. Ukimaliza moja unagusa kiduara, inapigwa mstari, inatoweka. Fundi aliipenda kama mtoto aliyepewa filimbi. Akaandika kila kitu. Kochi la mwalimu. Kiti cha kinyozi kinachozunguka. Viti vya mama wa mgahawa. Kiti cha mama. Akaandika mpaka "Kunywa chai", ili awe na kitu cha kugusa.

Lakini jioni, kazi ambazo hazikufanyika ziligeuka nyekundu. Fundi hakuzipenda. Zilikuwa zinamtazama kama wateja. Akabonyeza moja, akaikandamiza kwa kidole kwa hasira kidogo, na hapo kikachomoza kitufe chenye mshale, kimeandikwa Kesho.

Jamani, ilikuwa kama kukutana na ndugu yake wa damu. Akakigusa, kochi la mwalimu likaruka likaenda zake. Akakigusa tena, kinyozi naye akaondoka bila ugomvi. Ukurasa wa Leo ukabaki mweupe pee, na programu ikamwandikia: "Hongera! Huna kazi iliyobaki leo."

Kuanzia siku hiyo fundi akawa mtu wa raha. Jioni anafunga karakana, anakaa benchini, anahamisha moja moja mpaka zinakwisha, kisha anarudi nyumbani anapiga mluzi. Mkewe akiuliza, "Leo umemaliza?" anamwonyesha ile hongera. Akiuliza, "Na kiti cha mama?" anajibu, "Kimo kwenye mpango." Na kweli kilikuwemo. Nesi naye, katoka zamu miguu imevimba, anaona mambo yanakwenda, anamshukuru Mungu na kuvua viatu. Fundi alijiona kabisa amebadilika.

Jumatano moja nesi alikuja karakana mchana, bado na sare yake ya kazi. Hakukaa.

"Kaka kapiga simu. Jumamosi anapita kumchukua mama."

"Vizuri! Anamleta?"

"Sikiliza kwanza. Mama kamwambia hivi: kiti kikiwa tayari, amlete kwetu. Kama hakijawa tayari, wapite moja kwa moja waende kwake kaka." Akaegemea mlango. "Kule kwa kaka ni safari ya siku nzima. Mama akishafika kule, mimi nitamwona kwenye picha tu. Kwa hiyo nionyeshe kimefika wapi."

Fundi akatoa simu.

"Sikutaka simu. Nataka kiti."

Kiti kilikuwa pembeni. Juu yake kulikuwa na mabunda ya vitambaa, na juu ya mabunda amelala paka wa jirani, amejikunja kama mwenye nyumba. Haujaguswa hata msumari. Nesi akaichukua ile simu sasa, akafungua ukurasa wa Leo, akaanza kushuka nao. Akashuka, akashuka, kidole kikachoka. Kulikuwa na kazi za tangu siku alipomwekea.

"Fundi."

Kwa kawaida anamwita baba watoto. Akisema Fundi, ujue kumeharibika.

"Kila siku unahamisha zote?"

"Kuna kitufe," fundi akasema. "Kimewekwa na wenyewe."

Nesi alitaka kucheka. Fundi alikiona kile kicheko kikija, mdomo umeshaanza kukunjuka, halafu kikakatika, na macho ya mkewe yakajaa machozi. Angemgombeza angevumilia, amezoea. Hili lilimchoma. Akajikuta anasema jambo ambalo hakuwa amejiambia hata yeye mwenyewe.

"Nakiogopa. Hizo nyingine ni uvivu tu, nakubali. Hiki nakiogopa. Marehemu baba yako alikitengeneza kwa mkono wake, kila msumari kaugonga yeye. Nikifungua nikakuta ndani kumeoza, nitupe nini, niache nini? Halafu mama akikalie mbele ya watu aseme hiki si kiti cha mume wangu. Mimi mkwe nitaficha wapi uso?"

Nesi akavuta benchi, akakaa. Akajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Tatizo lako umeandika 'Kiti cha mama' ukadhani umeandika kazi. Hizo ni kazi kumi zimevaa koti moja. Kazini kwetu hakuna mtu anayeandika 'Mponye mgonjwa'. Tunaandika mpime homa, mbadilishe bandeji. Haya, kitu cha kwanza kabisa ni kipi? Cha kufanya kwa mkono."

"Kung'oa misumari ya nyuma."

"Kabla ya hapo."

"Kumtoa paka."

"Kabla ya paka."

Fundi akamtazama paka. Akajikuna shingo. "Kumuuliza mama anakitakaje."

"Kiandike hicho. Peke yake, juu kabisa." Akanyanyuka, akajinyoosha sare. "Mimi narudi kazini. Na ole wako uguse kile kitufe."

Fundi alibaki anaitazama ile simu kama imewekwa mkaa ndani. Kumpigia mama mkwe si kama kumpigia mteja. Alisafisha koo, akavaa shati, maana alikuwa na singlendi tu, ingawa anajua simu haioni. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti kama umefumaniwa?"

Fundi akapiga moyo konde. Akamwambia yote: kwamba kiti hakijaguswa, kwamba alikuwa anaogopa kukiharibu, kwamba anaomba radhi na anaomba maelekezo. Kisha akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

"Mimi nilidhani hunitaki," mama akasema.

"Mama!"

"Sasa ningedhani nini? Mtu kiti chake kinakaa kwako masika na kiangazi. Nikasema huyu ana adabu, hawezi kunifukuza kwa mdomo, ananifukuza kwa kiti. Ndiyo maana nikamwambia mwanangu, kikiwa bado, nipitishe. Sitaki kwenda kukaa mahali nimebanwa."

Fundi aliketi kwenye sakafu, palepale penye vipande vya nyuzi. Hakuwahi kufikiri kwamba ile kesho yake inaweza kusikika hivyo masikioni mwa mtu.

"Mama, si hivyo. Wallahi si hivyo. Nilikiogopa kiti cha baba."

Mama akaguna. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi. "Baba yenu mwenyewe alikuwa anakilalamikia kinamuuma mgongo! Kila jioni, 'Kiti hiki nitakichoma.' Toa hayo matakataka yote ya ndani, weka mapya. Ila mkono wa kulia usiusugue sana. Pana alama ya duara, alikuwa anaweka kikombe chake hapo. Hiyo niachie."

"Nitaiacha, mama. Na kitambaa? Nilifikiria kijivu, rangi ya heshima."

"Kijivu! Kila mtu akiona mjane anamletea kijivu. Nataka kijani, kijani kabisa. Na Jumamosi naja hapo nikione. Nitakachokiona ndicho nitakachoamulia, sitaki tena maneno ya simu."

Fundi akagusa kiduara. Akashika tena simu, jembe lake la siku hiyo kama anavyosema mwenyewe, maana kulikuwa bado na kazi ya kuchukiza zaidi: kuwaondoa watu wengine mbele ya kiti cha mama. Si kwa kitufe, kwa mdomo. Akaanza na kinyozi.

"Kiti chako hakitakuwa tayari kesho."

"Hilo najua," kinyozi akasema. "Ulichopigia simu ni nini?"

"Kitakuwa tayari Alhamisi ijayo, saa nne."

Kinyozi akageukia wateja wake, fundi anamsikia kabisa: "Jamani, Fundi Kesho anaumwa! Katoa siku yenye jina!" Kukawa na vicheko. Lakini aliporudi kwenye simu alisema, "Alhamisi nitakuja. Afadhali nijue, nipange kuazima kingine." Mwalimu alisema hivyo hivyo, akaongeza nasaha ndefu. Mama wa mgahawa tu ndiye aliyemtukana, na alimtukana vizuri, fundi akasikiliza mpaka mwisho kwa sababu alistahili.

Halafu akamtoa paka.

Siku zile mbili zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Kila kipande alikiandika kivyake na kukifuta kivyake. Ndani alikuta magunia yaliyooza na springi zimelala chali. Akaweka mikanda mipya, springi mpya, sponji la nguvu. Alipofika kwenye mkono wa kulia, akaikuta ile duara ya kikombe, nyeusi kidogo upande mmoja. Akapiga msasa kuizunguka taratibu, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nesi akitoka zamu anapita, anamwekea chai na kushikilia kitambaa cha kijani anapokivuta. Kuna mahali walivuta vibaya ikabidi wang'oe na kuanza upya. Hapo pakawala muda.

Jumamosi kabla ya chakula cha mchana gari likasimama nje ya nyumba. Kiti kilikuwa kimeshaingizwa sebuleni. Kikalio, mikono, kiegemeo kwa upande wa mbele, vyote viko sawa. Mgongoni, kwa nyuma, kulikuwa wazi. Mikanda na uzi vinaonekana kama matumbo. Muda ulimwishia hapo.

"Kisukume ukutani," nesi alimnong'oneza. "Hataona."

Fundi alitazama ukuta. Alitazama kiti. "Hapana," akasema. "Nimemficha vya kutosha."

Mama akashuka, kitenge kichwani, mkoba kwapani. Shemeji, yaani yule kaka wa nesi, akabaki ameegemea gari, hata buti la mizigo hajalifungua. "Shemeji Kesho!" akaita. "Nizime gari, nisizime?"

"Ngoja," mama akasema.

Akaingia. Akakizunguka kiti pole pole. Alipofika nyuma akasimama.

"Na huku?"

"Huku bado, mama. Kitambaa kipo, nimekikata. Jumatatu asubuhi nakifunga, na wewe ukae hapo unione."

Mama akazunguka mbele, akapapasa mkono wa kulia, kidole kikaikuta ile duara, kikatembea juu yake mara moja, kikarudi. Akageuka akakaa. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto.

"Hakilii," mama akasema.

Fundi akababaika. "Nikirudishie kilio chake, mama? Inawezekana, ni kulegeza tu ule..."

"Kilie nini? Nimelia mimi vya kutosha kwa niaba yake." Akaegemea, akafumba macho, akayafumbua. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Wewe! Zima gari. Shusha mabegi yangu."

Nesi aliingia jikoni ghafla, akasema anaangalia sufuria. Alikaa huko muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji.

Wakala, wakashiba. Mama alimsifu fundi, akakosoa rangi ya pazia, akamuuliza mwanawe kwa nini amekonda, na katikati ya swali akasinzia, kichwa kimeegemea kijani. Shemeji, aliyeendesha tangu alfajiri, akajitupa kwenye kochi na kuanza kukoroma kama anasaga kitu. Nesi alikaa mkekani karibu na miguu ya mama yake, akasema anapumzisha macho tu, na naye usingizi ukampitia.

Fundi akabaki peke yake, macho kwa hawa watatu. Vidole vilikuwa vimegandamana na gundi, na kwenye goti kulikuwa na uzi wa kijani. Alifikiri anyanyuke akanawe. Jua lilikuwa limeingia dirishani likafika miguuni pa kiti, na mama alikuwa anapumua taratibu, mkono wake umefunika pale pa kikombe. Fundi akajilaza kidogo mkekani, kichwa juu ya mkono, na gundi yake vile vile, akalala.